Silinda mpya ya swichi kwenye Corolla ya zamani, miezi minane baadaye

Nianze na siku yenyewe ili mjue kwanini naandika kirefu hivi. Nilikuwa naendesha kwenye barabara mbovu yenye mashimo, mwanangu kakaa nyuma, mara nikasikia kitu kimedondoka karibu na pedeli, kuangalia chini nikakuta ni rundo zima la funguo, na funguo ya gari ikiwemo humohumo, huku injini inanguruma kama kawaida. Yaani funguo imechomoka yenyewe kwenye swichi gari ikitembea! Nikapaki pembeni nikakaa kama dakika tano hivi sijafanya kitu chochote, mikono inatetemeka tu.

Gari yenyewe ni Corolla ya 1994, niliachiwa na baba, na funguo ni ileile aliyokuwa anaitumia yeye. Kiukweli dalili zilikuwepo muda mrefu. Asubuhi lazima uiingize funguo, uivute nje kidogo kama milimita moja, uinyanyue, halafu ndio uzungushe, na ukimwachia mtu mwingine gari anakupigia simu kwamba haiwaki. Nikazoea. Halafu siku moja shemeji akajaribu funguo ya gari yake, Toyota ya zamani pia, kwenye swichi yangu, ikazunguka bila shida. Hapo ndio ningetakiwa kushtuka na sikushtuka, nilishtuka ilipodondoka miguuni.

Sasa kabla sijasema kuhusu hii silinda niliyonunua (ile sehemu ya swichi unapochomeka funguo) naomba nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana ukielewa hili hutadanganywa na mtu. Ndani ya silinda kuna moyo unaozunguka, na ndani ya moyo kuna vibati vyembamba vya shaba vimepangwa mstari, kila kibati kina dirisha katikati na kispring chake kidogo pembeni. Funguo ikiingia, kila jino linanyanyua kibati chake mpaka kimo chake, na vikikaa vyote sawasawa na uso wa moyo ndio moyo unazunguka. Kimoja tu kikibaki kimechomoza, hauzunguki. Na ukiwa umezungusha, hivyohivyo vibati ndio vinaishika funguo isitoke. Miaka 30 ya kuingiza na kutoa, chuma kinasugua shaba, shaba inalika, funguo nayo inalika. Niliiweka yangu juu ya karatasi nyeupe nikailinganisha na ya akiba ambayo baba hakuwahi kuitumia, aisee, yangu vilele vyake vimekuwa mviringo kabisa kama kokoto la mtoni, mabonde hayaonekani vizuri, ukipitisha kucha huhisi kona hata moja. Ya akiba kila jino lina ukingo wake mkali.

Nikajaribu hiyo ya akiba nikidhani nimepona. Ikagoma kabisa. Vibati vilishalika vikazoea funguo iliyolika, funguo nzuri ikawa mgeni. Kwahiyo kwangu tatizo lilikuwa silinda, na nasisitiza hili kwasababu watu wananunua silinda wakati ugonjwa upo kwingine. Kama funguo inazunguka laini lakini taa za dashibodi zinakatika ukiitikisa, au unafika START (mkao wa mwisho wa kuwashia) na stata, ile mota ya kuwashia injini, haijibu, hiyo mara nyingi ni ile swichi ya umeme ya nyuma yenye waya, ambayo ni spea nyingine kabisa na kwenye gari nyingi inafungwa kwa skrubu ndogo, unaibadilisha bila kugusa silinda. Kama funguo haizunguki siku ambayo matairi umeyapaki yamekunjwa yamegusa ukingo, jaribu kwanza kuupeleka usukani kushoto na kulia taratibu huku unazungusha funguo, huenda ni loki ya usukani imebanwa tu na hakuna kilichoharibika. Ila kama inahitaji kubembelezwa kila siku, na inachomoka ikiwa ON (mkao wa kuendeshea), hiyo ni silinda, usijisumbue na kingine.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha akanishauri tuipige nyundo itoke, tukate na loki ya usukani, aniwekee swichi ya kubonyeza pembeni. Alisema ndio watu wengi wanafanya. Nilikataa na namshukuru Mungu nilikataa. Loki ya usukani ni ulimi wa chuma unaoingia kwenye mfereji wa shafti ya usukani, na kinachouzuia usiingie ukiwa unaendesha ni hiyohiyo silinda ikiwa imezungushwa. Ukiharibu silinda halafu ulimi ukabaki pale na spring yake, umebeba kitu ambacho kinaweza kukufungia usukani kwenye kona. Na ukiuondoa kabisa gari inakuwa ya yeyote mwenye bisibisi. Mimi naona hakuna unafuu wowote hapo, sijali ni haraka kiasi gani.

Na hili sio suala la Corolla yangu tu. Mwaka 2014 General Motors waliagiza magari madogo kama milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa, Chevrolet Cobalt na Saturn Ion yakiwemo, kwasababu swichi ilikuwa legevu, uzito wa funguo au goti likigusa inarudi yenyewe kutoka ON, injini inazima na airbag hazifunguki. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Hilo lilikuwa tatizo la swichi, lakini mwezi wa nne mwaka huohuo wakaongeza na silinda kwenye matengenezo, kwa sababu ileile iliyonikuta mimi, funguo inaweza kutoka gari ikiwa inawaka. Na wakati watu wanasubiri zamu zao waliambiwa watoe kila kitu kwenye pete, ibaki funguo ya gari peke yake. Mimi kwenye pete yangu nilikuwa na funguo za nyumba, za geti, kufuli mbili, na kifungulio kidogo cha chupa. Nilivitoa vyote siku hiyohiyo, na hata kama hununui silinda leo hilo lifanye leo.

Haya, silinda yenyewe. Nilinunua ya kuiga, sio orijino, imekuja kwenye kiboksi cheupe na funguo mbili mpya, hakuna karatasi ya maelekezo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipiga picha ya pembeni nikailinganisha na picha za silinda ya gari langu, urefu wa ulimi wa nyuma, umbo lake (wa kwangu ni bapa), na mahali ilipo ile pini ndogo ya stopa (inayoishikilia silinda isitoke kwenye nyumba yake). Fanyeni hivyo kabla ya kulipa, silinda mbili zinaweza kufanana usoni halafu nyuma zikawa tofauti kabisa na ukaja kugundua umeshavua makava yote.

Kwa kuangalia, moyo wake ni wa aloi nyepesi ya kumimina, kuna mabaki ya kalibu kwenye ukingo, kama uzi mwembamba wa chuma unaokwaruza kidole. Nilisugua na msasa laini mpaka ukaisha. Funguo zake zinang'aa lakini ni laini kuliko ile ya zamani, unaihisi mkononi. Ndani walipaka grisi nyingi nikaifuta yote, nikaweka unga wa grafaiti kidogo. Grisi na oili ya injini kwenye silinda ya funguo mimi siziungi mkono kabisa, siku za mwanzo inateleza vizuri halafu vumbi linanasa, linageuka msasa ndani yake, vibati vinaanza kulika upya.

Kufunga kulichukua kama dakika 40, na nusu ya muda huo ulikuwa wa woga. Nilitoa waya wa negativu wa betri kwanza. Kama gari yako ina airbag kwenye usukani subiri, Toyota wanasema sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, mimi huwa napitisha dakika tano. Halafu makava ya plastiki chini ya usukani, skrubu zipo upande wa chini, yafungue taratibu maana plastiki ya umri huo inavunjika kama biskuti. Ukishayatoa unaiona nyumba ya chuma ya swichi, na pembeni yake kuna kitundu kidogo cha duara. Hapo ndio siri yote ilipo. Unaingiza funguo, unazungusha mpaka ACC (mkao wa kwanza ukitoka LOCK, kabla ya ON), unapitisha kitu chembamba kigumu kwenye kitundu (mimi nilitumia kipande cha spoki ya baiskeli), unabonyeza ile pini ya stopa iingie ndani, na mkono mwingine unavuta funguo kuelekea kwako. Yangu haikutoka mara ya kwanza. Nilikuwa nabonyeza huku nimepitisha ACC kidogo sana, labda upana wa uzi. Nikarudisha nyuma kidogo, nikasikia "tik" ndogo kwenye kidole, silinda nzima ikateleza ikatoka mkononi, na vumbi la shaba la rangi ya dhahabu likamwagika kwenye mapaja yangu. Hilo vumbi ndio vile vibati, miaka 30 ya kusagika.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Pini ya stopa inaingia tu silinda ikiwa imezungushwa kwenye ACC. Maana yake UNAHITAJI FUNGUO INAYOZUNGUKA ili uweze kutoa silinda mbovu. Siku ikigoma kabisa ikiwa LOCK, hakuna dakika 40 tena, ni kutoboa kwa drili katikati ya moyo, chembechembe za chuma zinaingia kwenye nyumba na kwenye loki, na fundi akikosea kidogo nyumba nzima inabidi ibadilishwe, na nyumba kwa gari nyingi imefungwa kwa bolti ambazo vichwa vyake vilikatwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue, kwahiyo nazo ni patasi au drili. Mimi nilikuwa bado nabembeleza inakubali, ningechelewa labda mwezi mmoja tu ningekuwa nasimulia kitu kingine. Kwahiyo wewe ambaye kila asubuhi unatikisatikisa funguo na unajiambia mbona inawaka, nakuomba, badilisha sasa ikiwa bado inazunguka.

Kuirudisha ni kinyume chake, silinda mpya iwe kwenye ACC, bonyeza pini kwa kidole, sukuma mpaka pini irukie kitundu chake. Ivute bila kubonyeza, isitoke. Halafu kabla hujafunga makava kuna mambo ya kujaribu na usiyaruke hata kama umechoka: funguo isitoke kwenye ACC wala ON, itoke LOCK tu, kwenye LOCK ukishatoa funguo usukani ushike na ukiirudisha ukazungusha uachie wote, na ukiachia START irudi yenyewe ON bila kusaidiwa, maana ikibaki pale stata itaendelea kuzungushwa na injini mpaka iungue. Yangu ilipita yote isipokuwa kwenye kurudi LOCK, ambapo Toyota unasukuma funguo ndani ndio izunguke, ikawa ngumu, inahitaji nguvu kuliko ya zamani. Ililainika baada ya wiki mbili hivi.

Kuhusu gari nyingine nitasema kwa ufupi tu. Njia ya kitundu na pini ipo kwa Toyota nyingi za zamani na hata Ford nyingi zinakaribiana na hiyo ingawa mkao wa funguo unaweza kuwa tofauti, lakini Volkswagen kadhaa za zamani hakuna kitundu, unatoboa mwenyewe mahali maalum, na zile za General Motors za zamani zenye swichi kwenye nguzo ya usukani unavua usukani wenyewe kwanza. Tafuta mwongozo wa gari yako hasa. Na kama gari yako ina funguo yenye chipu, silinda haiisomi chipu, inasomwa na ile pete ya antena inayozunguka mdomo wa swichi, kwahiyo funguo mpya itazungusha vizuri tu lakini injini haitakubali mpaka chipu ya zamani iwe karibu au mpya isajiliwe.

Kero kubwa niliyoipata ni funguo mbili. Mpya kwa swichi, ya zamani kwa milango na buti. Usiku mvua inanyesha unahangaika ipi ni ipi. Nilivumilia wiki tatu nikaenda kwa fundi wa vitasa na huyu namsifu sana, mtu mtaratibu. Hakuigusa funguo iliyolika, akasema ukitoa kopi ya funguo iliyolika unapata ulikaji uleule kwenye chuma kipya. Akafungua kitasa cha mlango wa abiria, kile ambacho kinatumika mara chache, kwenye gari yangu namba ya funguo ilikuwa imegongwa palepale, akachonga funguo kwa namba hiyo, sio kwa kuiga. Nikaijaribisha na ile ya akiba ya baba, zimefanana. Halafu akaitoa silinda mpya, akachomoa vibati vyake kimoja kimoja, kila kimoja kimegongwa tarakimu yake ndogo ya kimo, akavipanga upya kufuata hiyo funguo, vichache vilivyokosekana akaweka kutoka kwenye kopo lake. Nilikuwa namshikia tochi. Vispring vyake ni vidogo kama nywele iliyojikunja, kimoja kiliruka tukakitafuta kwenye zulia la gari robo saa. Alipomaliza, funguo moja ikafungua mlango, buti, na kuwasha gari. Sina maneno, nilijisikia kama nimerudishiwa gari kama alivyoliacha mzee.

Sasa ni miezi minane, gari inatumika kila siku. Asubuhi inaingia inazunguka mara moja, mke wangu anaiwasha bila kunipigia simu. Nimejaribu kuichomoa ikiwa ON zaidi ya mara kumi, haitoki, bado naijaribu kila mwanzo wa mwezi. Malalamiko yangu ni haya, kwanza kile kidude cha kengele inayokumbusha kwamba umeacha funguo hakikuwepo kwenye hii silinda, kwahiyo gari haipigi kelele tena nikifungua mlango, na mimi niliitegemea. Pili zile funguo mbili zilizokuja nayo zilianza kubanduka rangi ya fedha ndani ya mwezi mmoja na moja imeshapinda kidogo mfukoni, kwahiyo hesabu kama hazipo, chonga yako kwa chuma kizuri. Tatu mdomo wa silinda una mchezo mdogo, ukiitikisa funguo kushoto kulia inacheza kidogo zaidi ya ilivyokuwa orijino hata ilipozeeka. Haijaongezeka tangu mwanzo, nimekuwa naifuatilia.

Nyota tatu na nusu kwa tano kwa silinda. Ingekuwa na kile kidude cha kengele na bila yale mabaki ya kalibu ningetoa nne. Orijino ukiipata mpya kwenye kiboksi chake chukua hiyo, usiifikirie mara mbili, ila silinda iliyotolewa kwenye gari jingine bovu mimi nisingeichukua, maana inakuja na ulikaji wake na hujui ni wa miaka mingapi. Fundi wa vitasa nampa tano zote.

Ile silinda ya zamani sijaitupa, ipo kwenye kopo pamoja na funguo iliyolika. Mwanangu huwa anaitoa anaizungusha, inazunguka hata kwa bisibisi.